Makoti ya Siku Moja

Asubuhi hiyo Spika alikuja kijiweni na gazeti kwapani, kifua mbele, na kwa mwendo ule kila mtu alijua kuna mtu leo atasemwa. Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili na kigoda kimoja, mbele ya kibanda cha fundi cherehani waliyempa jina la Sindano. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso, limesimama jengo la benki lenye vioo vingi kiasi kwamba ukinywa kahawa hapo unajiona unavyokunywa. Shangazi, mwenye birika, alikuwa amekwisha kumimina vikombe vya kwanza. Mstaafu, aliyefanya kazi benki hiyohiyo tangu ana nywele mpaka zikamwishia humo, alikuwa kwenye kona yake ya benchi na tai yake shingoni. Kazi aliiacha, lakini tai ilimshinda kuiacha.

Spika hakusalimia. Yeye ni fundi wa simu na redio, na jina alilipata kwa sababu hajapata kumpa mtu mwingine nafasi ya kusema. Alilitandaza gazeti juu ya meza ya cherehani, juu ya suruali ya watu.

"Someni wenyewe," akasema, kisha akawasomea. "'Nusu ya viongozi wetu ni wanawake. Kwetu mizani imekaa sawa.' Ukurasa mzima, benki yetu hii hapa. Jamani, tumekwisha."

"Umekwisha wewe," Shangazi akasema. "Sisi wengine ndiyo kwanza tunaanza."

Chini ya maneno hayo palikuwa na picha kubwa: meza ndefu, wakubwa wamepangwa mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, kama shanga za rangi mbili. Wanaume walivaa suti, kila mmoja ya kwake. Wanawake wote walikuwa na makoti ya namna moja, mazito, ya buluu iliyokoza. Sindano aliyatupia jicho mara moja tu makoti yale, akainama haraka kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Spika alikuwa amekwisha kupanda jukwaani. Hoja yake ilikuwa kwamba benki inataka mtu anayesahau kidogo, na mwanamke hasahau. Ukienda kuomba mkopo wa kufungua duka, mwanamume atakuuliza una dhamana gani, yaishe. Mwanamke atakuuliza ule wa mwaka juzi uliufanyia nini, kwa nini viatu ni vipya na duka halijaezekwa, na yule uliyekuwa naye kwenye foleni ni nani yako.

"Sasa hayo si ndiyo maswali yenyewe?" Shangazi akauliza. "Benki ngapi zimefungwa kwa sababu ya hao wanaosahau kidogo?"

"Shangazi, pesa inataka moyo mgumu."

"Nyumbani kwako anayeshika pesa ni nani?"

Spika alifungua kinywa kujibu, na simu yake ikalia. Alikuwa ameiweka mezani kifudifudi, lakini kwa bahati mbaya Shangazi alikuwa ameigeuza kupisha kikombe. Kiooni palisomeka: Wizara ya Fedha. Spika aliinyakua, akasogea nyuma ya kibanda, na kutoka huko wakamsikia kwa sauti ya chini akiomba ruhusa ya kununua waya wa kuchomelea, akaeleza wa zamani ulikwisha lini na kwa nini. Akarudi kukaa. Walikunywa kahawa tu, wote kwa pamoja, macho ndani ya vikombe.

Mstaafu ndiye aliyemwokoa. Alisema yeye habari ya gazeti haimshangazi, kinachomshangaza ni lifti.

"Lifti gani, mzee?"

"Ya benki hiyo. Nimeipanda miaka yangu yote. Chini, kaunta, ni wanawake watupu, tena wanaotabasamu. Ukipanda kidogo unaanza kukuta masharubu. Ukipanda zaidi, masharubu na vitambi. Kule juu kabisa mwanamke utamkuta, ndiyo, lakini ameshika sinia ya chai. Sasa nauliza, hawa wa pichani walipandia wapi? Maana lifti ile naijua, haiwezi kubeba watu wengi namna hiyo kwa mara moja."

"Labda walipanda kwa ngazi," Shangazi akasema. "Sisi ndiyo njia yetu siku zote."

Hapo Spika, aliyekuwa anatafuta pa kurudishia heshima yake, alilishika gazeti akalisogeza puani. Akamtazama mwanamke wa tatu. Akamtazama Sindano. Akarudi kwa yule wa tatu.

"Fundi," akasema taratibu, "huyu si Mama Pacha?"

Kila mtu aliinuka. Hakukuwa na ubishi. Alikuwa Mama Pacha, mke wa Sindano na mfanyakazi wa benki hiyohiyo, mama wa wale mapacha wawili wanaoiba vifungo kibandani, amekaa kati ya wakubwa wawili, kidevu juu, na mbele yake kibao kimeandikwa Mkuu wa Idara ya Mikopo.

Kijiwe kililipuka. Shangazi alipiga kigelegele kifupi, cha kazini. Mstaafu alisimama akampa Sindano mkono kama anamkabidhi ofisi. Spika, ambaye dakika ileile alikuwa anazizika benki zote za wanawake, alitangaza kwamba kuanzia leo mume wa mkubwa ndiye atakayelipa kahawa ya kijiwe, na kwamba yeye Spika alilijua jambo hili siku nyingi, alikuwa anawapima tu.

Sindano alicheka kama wenzake, lakini kicheko hakikufika mbali. Roho ilimuuma, na aliona aibu kwamba inamuuma. Mkewe ametoka nyumbani leo asubuhi, amemwachia maji ya kuoga na ugomvi mdogo kuhusu bomba linalovuja, na hakusema hata neno moja la ukuu wa idara. Ama amepanda cheo akamficha mumewe, ama ameketishwa kwenye kiti kisicho chake. Sindano hakujua lipi linauma zaidi. Alijua tu kwamba mkewe alikitaka kiti kile. Kila mara mkuu wa idara ya mikopo alipoondoka, aliletwa mwanamume mpya kutoka nje, na kila mara Mama Pacha ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa akirudi jioni anakata vitunguu bila kusema, vitunguu vinatoka vyembamba kama karatasi, na Sindano anajua ameletwa mwingine.

Na lilikuwepo jambo lingine, baya zaidi, ambalo kijiweni alilijua yeye peke yake. Makoti yale yalitoka mkononi mwake.

Wiki iliyotangulia alikuwa amekuja Bwana Itifaki, yule mtu wa benki anayeshughulika na wageni na sherehe, amebeba furushi la kitambaa kizito. Alitaka makoti ya kike, na alileta vipimo kwenye kipande cha karatasi bila jina la mtu. Akasisitiza: yasishonwe, yapigwe bandi tu, yaani yashikizwe kwa ile mishono mirefu ya mkono ambayo ukivuta uzi mmoja nguo yote inaachia. Ni ya picha ya siku moja, alisema, na kitambaa lazima kirudi kilikotoka. Sindano alipokikunjua aliona juu yake matundu ya vishikizo, yamepangana vizuri, akajua kilikotoka. Alikuwa anakata mapazia ya ukumbi wa mikutano wa benki. Akaapishwa asiseme, akaapa, maana mteja ni mteja. Ni vipimo vya koti moja tu vilivyomsumbua. Bega la kulia lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kushoto, na bega kama hilo analijua, amelishonea magauni miaka yote bila kushika futi. Akajiambia wanawake wenye bega hilo ni wengi. Akapiga bandi.

Sasa alikuwa akitafuta namna ya kuwatuliza wenzake bila kuvunja kiapo, wakati magari matatu meusi yaliposimama mbele ya benki.

"Hao ndio wenyewe," Mstaafu akasema. Alieleza kwamba tangazo lile lilianza kutoka magazetini juzi, likawachokoza wakubwa wa mamlaka inayosimamia mabenki, na leo wametuma kamati kuja kujionea usawa kwa macho yao.

Kamati ilianza kushuka. Akashuka mwanamume. Akashuka mwanamume mwingine, mwenye fimbo. Gari la pili likatoa wanaume watupu. Shangazi alikuwa anasoma kwa sauti kila anayeshuka, mwanamume, mwanamume, mwanamume, kama anayeita mahudhurio. Wa mwisho kabisa, kutoka gari la nyuma, ndipo akashuka mwanamke mwenye miwani, amekumbatia mafaili yao wote.

"Naam," Shangazi akasema. "Usawa umefika, umebebeshwa mizigo."

Lakini Sindano hakuwa anaitazama kamati. Mlangoni mwa benki wale wanawake wa gazetini walikuwa wamepangwa mstari kupokea wageni, hai, wanatembea, wanapumua, na wote wamevaa makoti yake. Mama Pacha alikuwa wa tatu. Koti la bandi ni la kukaa nalo kama sanamu mpaka mpiga picha aseme basi. Si la kupeana nalo mikono na wageni.

"Yataachia," akasema.

"Nini kitaachia?"

Akawaambia. Alimwaga yote, kiapo na mapazia na bandi, kwa pumzi moja, na hata Spika hakumkatiza. Shangazi aliweka birika chini.

"Yaani mmewavika akina mama mapazia?"

"Mimi niliambiwa ni ya siku moja."

"Na mkeo yumo ndani?"

"Sikujua. Nilijua. Sikutaka kujua."

"Fundi," Shangazi akasema, "kamshone mkeo."

Sindano alichomeka sindano ukosini, akashika kibunda cha uzi wa buluu, akavuka barabara mbio. Wageni walikuwa wamekwisha kuingia. Mlinzi wa mlangoni, ambaye siku zote hunywa kahawa benchi moja naye, leo alisimama kama hajapata kumwona.

"Shida yako?"

"Nataka kumwona kiongozi mmoja. Nimshone."

Mlinzi alimtazama usoni, akautazama uzi, akaitazama sindano. "Fundi, ndani kuna wageni wazito. Na wewe una kitu chenye ncha."

"Ni dakika moja tu. Bega la kulia."

"Rudi kibandani, ndugu yangu, usiniponze."

Akarudi. Kijiweni hawakumcheka, na hilo lilimtisha zaidi. Walikaa wote wakitazama juu, ghorofa ya ukumbi wa mikutano, ambako madirisha yalikuwa wazi kabisa, vyuma vitupu, na jua lote la asubuhi linaingia. Alionekana mtu akihamisha kiti chake kulikimbia jua, kisha akihamisha tena. Spika alijaribu mzaha mmoja kuhusu kiongozi kuvuliwa madaraka hadharani, akauona uso wa Sindano, akaumeza mzaha wake pamoja na kahawa. Sindano aliomba kimoyomoyo kitu kimoja tu, kwamba mkewe asiinue mkono.

Kahawa ilikuwa imepoa vikombeni mlango wa benki ulipofunguka na Mama Pacha akatoka, peke yake. Koti lilikuwa na mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameukunja vizuri, ameushika kama gazeti. Alivuka barabara bila haraka, akaja mpaka kijiweni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo Shangazi. Shemeji, habari za asubuhi."

Wakaitikia kwa sauti ndogo. Akakaa kwenye kigoda, akamgeukia mumewe.

"Baba Pacha, ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Uliyeshona hili."

"Sikulishona. Nililipiga bandi."

"Nimeona."

Shangazi akampa kahawa. Alikunywa nusu kikombe kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?" Sindano akauliza, na sauti ilimtoka ya mtu aliyeumia, mbele ya watu.

"Yule bwana alituapisha. Alisema ni picha ya kalenda. Vibao viliwekwa baada ya sisi kuambiwa tutabasamu. Ningekwambia nini, kwamba nimekuwa mkuu kwa muda wa kupigwa picha? Na wewe, kwa nini hukuniambia?"

"Mimi aliniapisha Jumanne."

"Mimi Jumatano."

Walitazamana, na Mama Pacha ndiye aliyeanza kucheka. Sindano alimfuata, safari hii kicheko cha kweli.

Ndipo akawasimulia. Wakubwa wenyewe, alisema, wale wanaume wenye vyeo vilivyoandikwa kwenye vibao, walikuwa wamefungiwa chumba cha vikombe, ubavuni mwa ukumbi, ili kuwapisha wanawake viti. Kamati ilikaa, ikasifu, mwenye fimbo akasema kwa kweli mizani imekaa sawa, wakaanza kuitazama meza ya vitafunio. Ni yule mwanamke wa mafaili aliyenyoosha kidole na kuomba mkuu wa mikopo amweleze, mtu akikataliwa mkopo hapa huambiwa sababu gani. Mkuu wa mikopo mwenyewe akakohoa kutoka chumba cha vikombe. Bosi mkubwa akaanza kusema swali hilo litajibiwa kwa maandishi.

"Nikasimama," Mama Pacha akasema. "Kazi si naijua? Nikamwambia sababu zinazoandikwa, halafu nikamwambia na zile zisizoandikwa. Nikamwambia wanawake wenzetu wanavyoambiwa walete sahihi ya mume, na mume hatakiwi kuleta ya mke. Nimekolea, natupa mikono, nasikia prrr. Mkono umekaa mezani, kwenye sahani ya biskuti."

Spika alishika kichwa.

"Ukafanyaje?"

"Nikamalizia sentensi. Ningefanyaje?"

Yule wa mafaili akainuka, akaushika ule mkono wa koti, akaupapasa, akayatazama madirisha yaliyo wazi, akaupapasa tena. Akauliza, "Hili si pazia?" Mama Pacha akamjibu, "Ni pazia, mama. Lilipigwa bandi ya siku moja, na cheo kilipigwa bandi hivyohivyo." Basi ukumbi mzima ukamgeukia bosi, bosi jua limemjaa machoni, na katika kujiokoa akatamka kwa sauti kubwa kwamba kamati imeelewa vibaya, huyu mama ni Kaimu Mkuu wa Idara ya Mikopo, kuanzia, kuanzia, kuanzia leo. Mwanamke wa mafaili akaandika, akampa atie sahihi palepale, na akasema atarudi mwezi ujao kuangalia kila mmoja amekaa wapi.

Kijiwe kilishangilia, isipokuwa Mstaafu, aliyekuwa anairekebisha tai yake kwa huzuni.

"Mwanangu, nisikuvike kilemba cha ukoka. Kaimu nawajua. Kaimu ni bandi. Wapo niliowaacha wakikaimu, na wapo waliokaimu mpaka wakaagwa kwa keki."

"Najua, mzee," Mama Pacha akasema. "Ndiyo maana nimekuja hapa kwanza. Bandi mbili kwa wakati mmoja sitaziweza. Hiyo ya ofisini nitapambana nayo mwenyewe." Akalivua koti, akaliweka mezani juu ya gazeti, juu ya uso wake mwenyewe. "Hii nimalizie wewe. Nina kikao baada ya chakula cha mchana, na wanaume wa chumba cha vikombe watakuwepo wote."

Sindano alilichukua koti. Alivuta uzi wa bandi, ukatoka wote, akavipanga vipande, akakanyaga cherehani. Alishona kila mshono na kuurudia juu yake, na kwenye bega la kulia, lile lililoshuka, aliweka kitambaa cha ndani ili lisimame sawa na mwenzake. Simu ya Spika ililia tena, Wizara ya Fedha, na safari hii akapokea palepale benchini, kwa sauti yake yote. "Ndiyo, mkuu," akasema. "Nimeelewa, mkuu."

Mshono wa mwisho ulikuwa unaingia Bwana Itifaki alipofika anahema, amekumbatia makoti mengine yote.

"Fundi, yafumue haya sasa hivi. Bosi anaungua kule juu, amehama viti vyote vya ukumbi." Akahesabu kwa macho, akaliona lile moja kwenye cherehani. "Na hilo pia. Bila hilo dirisha moja litabaki wazi."

Sindano alikata uzi kwa meno. Alilikung'uta koti, akasimama nyuma ya mkewe na kumvalisha, mkono mmoja baada ya mwingine, mbele ya mtu wa benki.

"Hayo nitayafumua," akasema. "Hili hapana. Mwambie bosi pazia hili limepata kazi."

Bwana Itifaki alitafuta wa kumuunga mkono, akaishia kwenye uso wa Spika, na Spika akamshauri amwambie bosi anunue kofia.

Mama Pacha aliweka kikombe chini, akamwambia mumewe lile bomba bado linavuja, akasimama ukingoni mwa barabara. Magari yalikuwa mengi saa hiyo na hakuna lililopunguza mwendo. Basi akauinua mkono wa kulia, juu kabisa, kiganja wazi, kuyasimamisha. Kijiwe kizima kiliinuka kutazama bega. Magari yakasimama, naye akavuka, mkono ukiwa bado juu, na mshono haukuachia.